Chai ina saa yake, na si wakati wa chakula

Mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitano. Alikuwa na umri wa miaka 27, muuzaji wa nguo za mitumba, na alikuwa amepanda ngazi za orofa mbili tu kufika kwenye chumba changu cha matibabu. Hata hivyo, aliketi kitini akihema kama mtu aliyekimbizwa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilipomvuta ukope wa chini kutazama ndani ya jicho, mahali panapopaswa kuwa pekundu palikuwa na rangi ya karatasi. Tulimpima damu, na himoglobini yake ilikuwa 7.6. Kwa mama mjamzito, kiwango kikiwa chini ya 11 twasema ana upungufu wa damu. Kikishuka chini ya 7, hali hiyo ni ya hatari kubwa.

Nilifanya yale ambayo daktari yeyote angeyafanya. Nilimpima malaria, nikapima choo kutafuta minyoo, nikamwuliza juu ya hedhi zake kabla ya mimba, kisha nikampa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi na kumshauri ale maharagwe, ndengu na mboga za majani. Alirudi baada ya mwezi akiwa na 7.8. Nikamwongezea vidonge. Alirudi tena baada ya mwezi mwingine akiwa na 7.9.

Hapo nikaanza kumshuku. Vidonge vya chuma huchafua tumbo, na kina mama wengi huvitupa kimyakimya halafu wakamwambia daktari kuwa wamevimaliza. Nilimwuliza kwa sauti ambayo hata leo naionea haya. Bila kujibu, mama yule alifungua mkoba wake, akatoa karatasi za vidonge na kuziweka juu ya meza yangu. Matundu yote yalikuwa matupu. Hakuna siku aliyoiruka.

"Huvimeza na nini, mama?" nikamwuliza.

"Na chai, daktari. Asubuhi na chai na mkate, jioni na chai. Nikitumia maji vinanitapisha."

Kwa miezi miwili nilikuwa nimemtibu mama huyo, na sikuwahi kumwuliza swali hilo.

Msomaji, huenda ukashangaa chai ina kosa gani hapo. Majani ya chai yana kemikali ambazo kwa ujumla huitwa tanini. Ndizo huipa chai ule ukali unaokausha ulimi. Tanini ikikutana na madini ya chuma tumboni huyashika na kuyafunga, na chuma kilichofungwa hivyo hakiwezi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hupita tu kikatoka na choo. Kikombe kimoja cha chai nzito, kikinywewa pamoja na chakula cha mimea, chaweza kuunyima mwili zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata kutokana na chakula hicho. Vidonge navyo haviponi mtego huo.

Wagonjwa wengi nikiwaeleza jambo hili hunijibu kwamba chai yao ni ya maziwa mengi, kwa hivyo haina nguvu. La kusikitisha ni kuwa maziwa hayasaidii kwa kiasi cha maana. Hulainisha ladha mdomoni, lakini huko tumboni tanini huendelea na kazi yake.

Chuma kilicho katika nyama, maini, omena na samaki wengine hakisumbuliwi sana na chai. Lakini ni Wakenya wangapi wanaokula nyama kila siku? Wengi wetu hutegemea chuma kilicho katika maharagwe, ndengu, wimbi, managu, terere na sukuma wiki, na hicho ndicho chai hukipata kwa urahisi. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya nchi hii inawataka wenye viwanda kutia madini ya chuma katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti. Maana yake ni kwamba mkate ulioko mezani asubuhi una chuma kilichotiwa humo kwa makusudi, ili kuwakinga kina mama na watoto dhidi ya upungufu wa damu. Kisha sisi tunauteremsha mkate huo kwa kikombe cha chai.

Jambo hili si dogo. Kuvuja damu wakati wa kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama nchini. Mama mwenye himoglobini ya 12 aweza kupoteza kiasi fulani cha damu, akapumzika na kurudi nyumbani akitembea. Mwenye 7 akipoteza kiasi hicho hicho, aweza kufa kabla damu ya kumwongezea haijapatikana. Hana akiba. Na mtoto anayezaliwa na mama wa namna hiyo huanza maisha naye akiwa na akiba ndogo.

Sasa, kabla ya mtu kudhani kwamba nataka Wakenya waache chai, ni heri niseme kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa chai. Nililelewa katika vilima vya Nyamira. Tulichuma majani mawili na chipukizi lake kabla ya kwenda shule, tukabeba vikapu hadi kwenye kituo cha kununulia, na bonasi ya mwaka ndiyo iliyonisomesha hadi nikawa daktari. (Chai tuliyoinywa nyumbani tuliinunua dukani katika pakiti kama watu wa mjini. Jambo hilo lilimchekesha marehemu babu yangu hadi mwisho wa maisha yake.) Sijaiacha chai na sina nia ya kuiacha. Nakunywa vikombe vitatu kwa siku, na kimojawapo nakinywa kati ya mgonjwa na mgonjwa nikiwa nimesimama.

Isitoshe, nadhani namna yetu ya kupika chai ni bora kuliko tunavyoambiwa na wale waliokaa ng'ambo kidogo wakarudi wakiicheka. Wao husema chai haipikwi. Humwagiwa tu maji ya moto, na maziwa baridi huongezwa katika kikombe. Huko kwao maji ya mfereji ni salama na maziwa yamechemshwa kiwandani. Hapa kwetu, sufuria moja iliyotiwa maji na maziwa ikachemka pamoja imewakinga watu wengi kuliko tunavyojua. Maji ambayo yangeleta kipindupindu au homa ya matumbo yamechemka. Maziwa ya ng'ombe wa jirani, ambayo yangeleta kifua kikuu au homa ya brusela, nayo yamechemka. Homa hii ya brusela ni ile inayomfanya mtu atoe jasho usiku na kuumwa na viungo wiki baada ya wiki, naye akatibiwa malaria mara tatu bila kupata nafuu. Wengine niliowatibu ugonjwa huo walikuwa wameupata kwa namna moja: nyumbani kuna chupa ya chai ya rangi, na kila mtu hujitilia maziwa mabichi katika kikombe chake. Chai iliyomo katika chupa haina moto wa kutosha kuyapika maziwa hayo. Ikiwa maziwa yako si ya pakiti, basi yapande na kuchemka hasa katika sufuria, usiridhike kwa kuwa yamepata moto tu.

Mahali ambapo sufuria yetu inakosea ni katika majani. Chai yetu nyingi ya Kenya husindikwa kwa mashine zinazoyasaga, kuyararua na kuyaviringisha majani hadi yanakuwa chembe ndogo ndogo. Chembe hizo hutoa rangi na ukali wake upesi mno. Dakika mbili au tatu zatosha kabisa. Lakini nenda katika nyumba yoyote mtaani uone. Majani hutiwa kwanza, maji yakiwa bado baridi, na sufuria huachwa jikoni robo saa nzima hadi chai inakuwa na rangi ya matofali. Kisha, kwa sababu imekuwa chungu, hutiwa sukari nyingi ili inyweke. Kwa njia hii tanini huongezeka, sukari huongezeka, na harufu nzuri ya chai yenyewe huwa imekwisha kupotea kwa mvuke.

Mke wangu ni mzaliwa wa Mombasa na mambo ya chai kwao hayachezewi. Tulipooana tulizozana kuhusu sufuria kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Yeye ndiye aliyenifunza kuponda tangawizi mbichi na iliki, kuvitia katika maji peke yake pamoja na kijiti cha mdalasini, na kuacha vichemke kama dakika tano kabla ya maziwa kuingia. Mimi nilikuwa nikitia tangawizi na maziwa kwa pamoja na mara nyingi maziwa yakikatika, nami nikimlaumu mwuza maziwa. Kumbe tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na kitu hicho hufa kikichemshwa kwanza. Mimi nami nilimfunza kutia majani mwisho kabisa, maziwa yakiwa yamekwisha kupanda, kijiko kimoja kidogo cha majani kwa vikombe viwili, kuepua baada ya dakika mbili na kuchuja mara moja badala ya kuyaacha majani yakae ndani ya chupa mchana kutwa. Alipoionja mara ya kwanza alisema ni chai ya hospitali. Sasa ndiyo chai ya nyumbani kwetu, na sukari imeshuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja bila mtu yeyote kulazimishwa, kwa kuwa hakuna tena uchungu wa kufunika.

Kuhusu sukari sitasema mengi, kwa kuwa wasomaji wamekwisha kusikia mengi. Nitawapa hesabu tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa mtu mzima, hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Mtu anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekula vijiko 12 kabla hajagusa mandazi, soda wala keki. Sukari nguru ni sukari. Asali nayo mwilini ni sukari. Mgonjwa wa kisukari anayeniambia ameacha sukari na sasa anatia asali katika chai hajaacha kitu.

Kuna jambo la moto pia. Nina shangazi ambaye hujisifu kwamba hunywa chai ikiwa "hai", ikitoka tu jikoni, na humcheka yeyote anayepuliza. Nchi yetu imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio hupatikana kwa wingi. Umio ni ule mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watu wa Bomet na sehemu za jirani wanaujua ugonjwa huo vizuri mno, kwani hakuna ukoo usiokuwa na aliyefika mahali pa kushindwa kumeza hata uji. Mwaka wa 2016 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani walitangaza kuwa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Kosa si la chai wala la kahawa, ni la moto. Kuna visababishi vingine, sigara na pombe vikiwemo, na sisemi kwamba kila anayekunywa chai ya moto ataugua. Lakini chupa nzuri ya chai huuhifadhi moto wa namna hiyo kwa saa nyingi. Mimina, ngoja dakika tano, zungumza na jirani yako, halafu unywe. Shangazi bado hanisikii.

Kwa wanaoishi Nakuru, Naivasha na kwingineko katika Bonde la Ufa kuna neno moja zaidi. Maji ya visima vingi vya huko yana floridi nyingi, ambayo ndiyo huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Majani ya chai nayo yana floridi yake. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua katika sufuria, floridi hubaki pale pale na kuzidi kukolea. Ukiweza kuteka maji ya mvua kwa ajili ya kinywaji cha watoto wadogo, fanya hivyo.

Na hao watoto ndio sababu nyingine iliyonifanya nishike kalamu. Katika mitaa yetu si ajabu kumwona mtoto wa miezi minane akinyonya chai katika chupa. Mama yake ameenda kazini, maziwa ni ghali, na chai ya maziwa inaonekana kama maziwa. Lakini sivyo. Ni maji yenye maziwa kidogo, sukari, kafeini na tanini. Hulijaza tumbo lake dogo, mtoto akanyamaza, asitake chakula, na kile kidogo atakachokila hakitampa chuma. Upungufu wa chuma katika miaka miwili ya mwanzo waweza kuathiri ukuaji wa ubongo, na yaliyopotea wakati huo hayapatikani yote baadaye hata mtoto akilishwa vizuri. Hadi miezi sita mtoto anyonye maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo aendelee kunyonya akiongezewa uji, viazi vilivyopondwa, maharagwe, yai, omena waliosagwa. Chai haina nafasi hapo. Akina nyanya, ambao mara nyingi ndio hubaki na watoto, wanisamehe, lakini hili silionei aibu kulisema.

Najua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba wazee wetu walikunywa chai wakaishi miaka 90. Wazee gani? Chai ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920, na Mwafrika wa kawaida aliruhusiwa kuilima kwa wingi katika miaka ya 1950. Babu wa babu yangu aliamka akanywa uji wa wimbi. Mara nyingi ulikuwa umechachushwa, na kuchachusha huko husaidia mwili kukipata chuma kilicho katika wimbi. Chai na mkate asubuhi ni desturi changa kuliko tunavyodhani, na desturi changa yaweza kusogezwa kidogo bila mtu kulia kwamba mila zimevunjwa.

Na kusogeza ndiko ninakokuomba. Utafiti umeonyesha kuwa chai ikinywewa saa moja baada ya chakula, madhara yake kwa chuma hupungua sana. Saa moja tu. Kwa bahati nzuri, nchi hii ina desturi nyingine ya chai ambayo haina makosa yoyote, nayo ni chai ya saa nne. Ofisini, viwandani, shuleni, hata kwenye mijengo ambako mafundi hushuka na kukusanyika kando ya kibanda, kila mtu huijua saa hiyo. Iko katikati ya chakula cha asubuhi na cha mchana. Ile ya saa kumi alasiri nayo iko katikati. Kama kuna mtu aliyezipanga saa hizo kwa ajili ya damu yetu, asingezipanga vizuri zaidi. Tatizo letu ni ile ya mezani: ya asubuhi na mkate, na ya usiku inayofuata chakula papo hapo, au inayokuwa yenyewe ndiyo mboga ya ugali mfuko ukiwa mtupu. Chai ya usiku, aidha, ina kafeini, na nusu ya wagonjwa wanaoniomba dawa ya usingizi ningewatibu kwa kuwafungia birika saa kumi na mbili jioni.

Mwanamume mzima mwenye afya ambaye hula nyama hana haja ya kuhangaika sana kuhusu chai yake ya asubuhi. Ninaosema nao ni kina mama wajawazito na wanaonyonyesha, wasichana walioanza kupata hedhi, kina mama wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi, na watoto. Kwao, asubuhi iwe ni uji, au mkate na yai pamoja na chungwa, au viazi vitamu na maziwa. Chungwa, limau, nyanya na pilipili hoho vina vitamini C, na vitamini hiyo hufanya kinyume cha tanini: hukisaidia chuma kuingia.

Wapo wasioweza kula bila kitu cha moto kando yao, nami nawaelewa. Hao wajaribu mchaichai. Licha ya jina lake si chai hata kidogo. Ni nyasi yenye harufu ya limau, haina kafeini, na hukua kwenye mkebe wowote uliotiwa udongo, hata katika roshani ya ghorofa. Au wachemshe tangawizi na kukamulia limau. Tangawizi pia huwapunguzia wajawazito kichefuchefu cha asubuhi. Wengine hutia asali humo, na kwa mtu mzima si vibaya, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza misuli hadi akashindwa kupumua. Kahawa haitakuokoa, kwani nayo hufunga chuma, ingawa si kwa nguvu kama chai. Chai ya kijani, ambayo siku hizi huuzwa kama dawa ya kupunguza unene, hukifunga vile vile. Hata ile chai ya zambarau iliyotolewa na watafiti wetu wa Kericho mwaka wa 2011, ambayo najivunia kama Mkenya, isinywewe na chakula wala isifanywe dawa ya kila ugonjwa kama wanavyodai wachuuzi wengine.

Namrudia mama yule wa mitumba. Siku ile nilimwomba radhi. Alicheka, akasema hajawahi kumsikia daktari akiomba radhi, kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyokuwa nimemwuliza yeye: kama hawezi kumeza vidonge kwa maji bila kutapika, na chai imekatazwa, avimeze na nini? Tulikubaliana kwamba avimeze usiku akienda kulala, kwa maji aliyokamulia chungwa, saa mbili baada ya chakula. Kichefuchefu kikimjia atakuwa amelala. Chai yake ya maziwa, ambayo alisema hawezi kukaa sokoni bila hiyo, aliihamishia saa nne, akiinunua kwa jirani yake mwenye kibanda.

Baada ya wiki sita himoglobini yake ilikuwa 10.1. Alijifungua salama mtoto wa kike. Mwezi uliopita alikuja na mtoto huyo kupata chanjo, akiwa pia na mama mkwe wake, ambaye alinitazama kwa jicho kali kisha akaniuliza kama ni mimi ndiye niliyemkataza kumpa mjukuu wake chai.